Kutoa Hesabu Si Kujisifu

Hotuba kwa viongozi wa vikundi: namna ya kueleza uwezo wako unapohojiwa kwa kazi ya umeneja

(Hotuba hii ilitolewa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Msemaji ni mwalimu mstaafu ambaye amekaa miaka mingi katika kamati ya chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Tumeiandika karibu vile alivyoisema, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.)



Nimeombwa niseme machache juu ya mahojiano ya kazi, ile tunayoita intavyu, na hasa mahojiano ya kazi ya umeneja. Naona wengine wenu mnatazamana. Mnajiuliza, sisi ni watu wa jembe na ng'ombe, umeneja unatuhusu nini? Ngojeni kidogo, mtaona unatuhusu sana.

Zamani vyama vyetu vya ushirika vilikuwa chini ya mkono wa serikali. Soko la maziwa lilifunguliwa 1992, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ikawaachia wanachama mambo mengi yaliyokuwa yakiamuliwa na maofisa. Serikali ilirudisha uangalizi zaidi kwa marekebisho ya 2004, lakini kazi ya kumtafuta meneja imebaki kwa kamati, yaani kwa watu kama mimi na wewe. Vyama vya maziwa, vya kahawa, vya akiba na mikopo, miradi ya maji, zahanati za jamii, vyote hivi vinatafuta mameneja. Na watu wanaofaa kazi hizo wengi wamekaa hapa mbele yangu. Shida ni kwamba wakiitwa mahojiano, hawajui kusema wanachoweza.

Nitawapa kisa kimoja. Mimi mwenyewe nina hatia ndani yake.

MAMA MWEKA HAZINA

Mwaka 2014 chama chetu kilikuwa kinatafuta meneja. Tulitangaza kazi na tukawaita watu watano. Mmoja wao alikuwa mama wa hapa hapa kwetu, ambaye kwa miaka tisa alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama. Watu wote humwita Mama Mweka Hazina, hata watoto wa shule. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na akasomea uhasibu jioni. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wanne waliomhoji.

Mwenyekiti wetu akamwuliza, "Mama, tueleze umefanya nini katika uongozi."

Akajibu, "Tumefanya kazi pamoja na wenzangu. Tumeshirikiana, na Mungu ametusaidia."

Akaulizwa, "Wewe binafsi ulifanya nini?"

Akasema, "Mimi nilikuwa tu naandika vitabu."

Tukamwuliza tena, "Tukikupa chama hiki, utafanya nini?" Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Vile kamati itaniambia ndivyo nitafanya."

Tulimpa alama za chini. Aliyemfuata alikuwa kijana aliyevaa tai, mwenye maneno mengi ya mipango na mikakati. Huyo tukampa kazi. Hakuwa mwizi, nisimsingizie. Lakini hakujua kusimama mbele ya madereva wa magari ya maziwa, wala mbele ya wafugaji waliokasirika. Mwaka mmoja baadaye malipo ya maziwa yalikuwa yamechelewa miezi miwili. Watu waliokuwa wakitegemea pesa hizo kwa karo ya watoto walianza kuwauzia maziwa wachuuzi kando ya barabara. Kijana akaondoka mwenyewe.

Siku hizo hizo kikundi cha kina mama kiliniomba niwakagulie vitabu. Nikafungua daftari za yule mama. Ndugu zangu, niliona aibu. Alipochaguliwa 2005, wanachama 11 kati ya 32 walikuwa na mikopo iliyopita wakati wake, jumla shilingi 184,000. Kufikia mwisho wa 2007 waliobaki na deni walikuwa wawili, na jumla ilikuwa shilingi 21,000. Na hakuna mwanachama hata mmoja aliyefukuzwa au kunyang'anywa mbuzi. Huyu ndiye tuliyempa alama za chini!

Nikaenda nyumbani kwake. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia haya?"

Akanitazama akasema, "Mwalimu, ningejisifu namna gani mbele ya watu wanaonijua? Si mngeniona sina adabu?"

TUMELELEWA HIVYO

Jibu lake limenikaa moyoni mpaka leo, kwa sababu ni kweli tumelelewa hivyo. Mtoto anayejitaja sana hukemewa. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika kikundi tunafundishwa kusema "sisi", kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Haya ni mafundisho mazuri, na sikuja hapa kuwaambia myatupe.

Lakini angalieni jambo moja. Kila mwaka, katika mkutano mkuu, mweka hazina husimama mbele ya watu wote na kusoma: tulipokea kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki, zimebaki hizi, na risiti ni hizi hapa. Je, kuna mtu humwambia, "Keti chini, unajisifu"? Hapana. Akikataa kusoma ndipo watu wanaanza kunung'unika.

Basi mahojiano ni mkutano wa namna hiyo. Wale watu mezani wanataka kukukabidhi mali ya wenyewe, na wanakuuliza hesabu ya kazi uliyofanya. Kujisifu ni kusema, "Mimi ni hodari, mimi ni mchapa kazi, hakuna kama mimi." Kutoa hesabu ni kusema, "Nilikuta hivi, nikafanya hivi, nikaacha hivi, na daftari ni hili." Maneno ya kwanza hata mvivu anaweza kuyasema. Ya pili husemwa na aliyefanya kazi peke yake.

VIDOLE VITANO

Ili usisahau ukiwa na wasiwasi, tumia vidole vya mkono wako. Kila kisa cha kazi uliyofanya kiwe na mambo matano.

Kidole cha kwanza: ulikuta hali gani? Taja mwaka, idadi ya watu, kiasi cha pesa au cha mali.

Cha pili: wewe ulipewa jukumu gani? Hapa ndipo "sisi" inapogawanyika. Kikundi kilijenga tangi, sawa. Wewe ulikuwa nani katika ujenzi huo?

Cha tatu: ulichukua hatua gani? Sema mbili au tatu tu, kwa mpangilio.

Cha nne: matokeo yalikuwa nini? Toa hesabu tena, uiweke kando ya ile ya mwanzo ili watu waone tofauti.

Cha tano, kidole gumba: ushahidi uko wapi? Daftari, barua, risiti, au mtu anayeweza kuulizwa.

Mwaka uliofuata, chama cha jirani, ng'ambo ya mto, kilitangaza kazi ya umeneja. Nilimshauri yule mama aombe. Alikuja kwangu jioni tatu tukafanya mazoezi mezani, mimi nikiwa jopo na mke wangu akituchekea. Jioni ya kwanza bado alikuwa anasema "tulisaidiana". Jioni ya tatu alisema hivi:

"Nilipochaguliwa mweka hazina 2005, wanachama 11 kati ya 32 walikuwa hawajalipa mikopo, jumla shilingi 184,000. Kikundi kiliniagiza nirudishe pesa bila kuvunja umoja. Nilimtembelea kila mdaiwa nyumbani nikiwa na mdhamini wake. Tulipatana alipe kidogo kidogo siku ya malipo ya maziwa, kwa sababu siku hiyo ndiyo pesa huwa mkononi. Halafu nikaanza kusoma hesabu ya mikopo kwa sauti katika kila mkutano. Baada ya miaka miwili na nusu, deni lilibaki shilingi 21,000. Wenzangu walikubali mpango huo na wakausimamia pamoja nami. Vitabu ninavyo hapa."

Mmesikia? Hakuna neno moja la majivuno. Wenzake amewataja na heshima yao iko pale pale. Lakini msikilizaji amejua kwamba mama huyu anaweza kudai deni bila kuleta vita, anaelewa pesa ya mfugaji inaingia lini, na haogopi kufungua vitabu. Huo ndio umeneja wenyewe.

MENEJA SI KARANI MKUBWA

Hapa wengi huanguka. Wanaeleza bidii yao tu: mimi hufika mapema, mimi hutii, mimi siibi. Hayo ni mazuri, lakini yanatosha kwa karani. Anayetafuta meneja anataka kujua mambo manne zaidi. Je, unaweza kuongoza watu, hata wale wakaidi? Je, unaweza kutunza pesa na kuzieleza? Je, unaona shida kabla haijafika? Je, unaweza kusema hapana, hata kwa mwenyekiti?

Kwa hiyo lile jibu la "mtakavyoniambia ndivyo nitafanya" ni adabu nzuri kwa mgeni mwalikwa, lakini kwa meneja ni jibu baya. Kamati hutoa mwelekeo, na meneja huleta mpango na kuutekeleza. Sema hivi: "Nitafuata maamuzi ya kamati. Na katika miezi mitatu ya kwanza, ningependekeza tuanze na hili na hili."

Sasa utajuaje "hili na hili"? Nenda ukaulize kabla ya siku. Tuseme ni chama cha maziwa. Kwa siku wanapokea lita ngapi? Wanamlipa mfugaji shilingi ngapi kwa lita, na malipo yanatoka tarehe gani? Maziwa ya jioni yanakwenda wapi? Karani wa kituo anapima kwa laktomita ili kumtambua anayeongeza maji? Maziwa yanafika kwenye mtambo wa kupoza baada ya saa ngapi, na yanapozwa mpaka digrii 4? Mtu akikaa mbele ya jopo na kusema, "Nilisimama kwenye kituo chenu siku mbili asubuhi nikaona gari linachelewa, na maziwa yanangoja juani," watu wote hunyanyua vichwa.

Na usidharau kazi za nyumbani kwetu. Kusimamia kamati ya mazishi ya watu mia nne, chakula kikatosha na pesa zikabaki, hiyo ni kazi ya kupanga. Kupatanisha wanachama wawili waliogombania shamba la kikundi ni kazi ya uongozi. Kuchimba mtaro wa maji wa kilomita mbili kwa zamu za familia ni kusimamia mradi. Ila usiyataje kwa mkupuo. Chukua tangazo la kazi, andika majukumu yake upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kulia andika kisa chako kimoja kwa kila jukumu. Visa vitano vyenye vidole vitano vinatosha.

UDHAIFU, UONGO NA LUGHA

Utaulizwa, "Udhaifu wako ni upi?" Usiseme huna. Pia usiseme, "Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi." Tumelisikia hilo mpaka tumechoka. Taja jambo la kweli ambalo umeanza kulirekebisha. Yule mama alisema, "Kompyuta naijua kidogo. Nimeanza masomo mjini kila Jumamosi, na sasa naweza kuandika barua na kujumlisha hesabu." Basi, akanyamaza.

Juu ya uongo sitasema mengi. Ukiongeza sifuri moja kwenye hesabu yako, kumbuka kwamba kati ya wale wanaokuhoji kuna mtu ambaye shemeji yake yuko katika kikundi chako. Na mtu akikuomba kitu kidogo ili jina lako lipite, mkatalie. Utakuwa umeanza kazi ukiwa na deni, na deni hilo litalipwa kwa mali ya wanachama.

Juu ya lugha, wengi wanaogopa Kiingereza. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Ukifika, uliza kwa adabu, "Naweza kutumia lugha ipi?" Ikiwa ni Kiingereza, tumia sentensi fupi ulizofanyia mazoezi. Tarakimu hazina lugha. 184,000 na 21,000 zinaeleweka popote. Lakini jueni pia kwamba meneja mara nyingi huandika taarifa kwa Kiingereza, kwa hivyo ukiweza kuandika barua ya ukurasa mmoja, chukua moja uliyoandika uwaonyeshe.

KARATASI YA KIKUNDI

Jambo la mwisho ni lenu kama viongozi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoacha kazi, ikiwa amefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Lakini mweka hazina wa kikundi hakuajiriwa, amejitolea. Anamaliza miaka tisa, tunampigia makofi, tunampa leso, halafu anakwenda nyumbani bila hata karatasi. Kesho akiomba kazi, atathibitishaje?

Naomba kila kikundi kimwandikie kiongozi anayeondoka barua. Ionyeshe jina la kikundi na namba ya usajili, cheo alichoshika, tangu lini hadi lini, wanachama walikuwa wangapi, pesa alizosimamia zilikuwa kiasi gani, na jambo moja au mawili aliyoyafanya. Mwenyekiti na katibu watie sahihi na muhuri upigwe. Ni kazi ya nusu saa, lakini inaweza kumpa mtu mshahara wa maisha.

Mtauliza, yule mama alipata kazi? Ndiyo, alipata. Sasa chama cha ng'ambo ya mto kinalipa wafugaji wake tarehe tano ya kila mwezi, na wengine kutoka upande wetu wanavuka daraja na mitungi yao. Mimi kila nikiwaona wakipita huwa nakumbuka zile alama nilizoandika kwa mkono wangu. Yeye hakujua kusema, lakini na sisi hatukujua kuuliza.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Swali: Mimi ni kijana, nimemaliza chuo mwaka jana. Sina miaka tisa ya kitu chochote. Nitasema nini?

Jibu: Utasema ulichonacho. Uliwahi kuwa kiongozi wa darasa? Umewahi kuuza kuku wa mama yako na kuweka hesabu? Kisa kidogo cha kweli chenye tarakimu ni bora kuliko maneno makubwa. Na kama kazi ya umeneja ni kubwa mno kwako sasa, omba ya msaidizi, na ujiunge na kikundi upewe ukatibu. Huko ndiko visa vinakopatikana.

Swali: Mwalimu, mimi niliulizwa kama bwana yangu ataniruhusu, na kama bado nitazaa. Nilikasirika nikashindwa kuendelea.

Jibu: Ulikuwa na haki ya kukasirika. Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inakataza kubagua mtu kwa sababu ya jinsia au mimba, hata wakati wa kuajiri. Katiba, kifungu cha 27, inataja pia hali ya ndoa. Lakini siku ile unataka kazi, kwa hivyo jibu kwa utulivu: "Nimesoma masharti ya kazi na saa zake, na ninaweza kuyatimiza. Kwa miaka sita sijakosa mkutano wa kikundi." Halafu rudi kwenye hesabu yako. Na nyinyi wanaume mnaokaa katika kamati, swali hilo msiliulize tena.

Swali: Nikitetemeka je?

Jibu: Hata mimi natetemeka hapa. Omba maji, kunywa, tazama vidole vyako vitano, kisha anza na kile cha kwanza.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mwanachama afikirie kazi moja aliyoifanya katika kikundi, aieleze kwa vidole vitano kwa dakika mbili. Wengine wasikilize wamwambie ni kidole gani kimekosekana.

2. Ni viongozi gani wa zamani wa kikundi chenu walioondoka bila barua? Nani atawaandikia, na kufikia lini?

3. Wanachama watatu wawe jopo, mmoja aombe kazi ya umeneja. Baadaye mjiulize: je, jopo letu liliuliza maswali yanayomsaidia mtu mnyamavu kusema alichofanya?